Kuchora Mhusika Ambaye Kijiji Kitamkubali

Kikundi kimoja cha akina mama hapa karibu na Kenol kilitaka bango la kuwaonya wakulima wasiwauzie mabroka avokado changa. Tukamwomba kijana mmoja anayejua kuchora. Akamchora mama mkulima, bango likachapishwa, likabandikwa sokoni. Siku ya tatu akina mama wenyewe wakalibandua. Kumbe mama wa kwenye bango hakuwa na viatu, nguo imeraruka, na mkono ameunyoosha kama anayeombaomba. "Mwalimu, ndivyo mnavyotuona?" mmoja alituuliza. Tulinyamaza. Pesa ya kuchapisha ilitoka kwenye sanduku la kikundi, na ilikuwa imekwisha.

Kosa halikuwa la kijana peke yake. Sisi tulilipokea bango bila kuuliza mtu.

Pengine mnamkumbuka Sara, msichana wa vitabu na filamu za UNICEF za miaka ya 1990, yule mwenye tumbili anayeitwa Zingo. Kabla hajatolewa, michoro yake ilionyeshwa watu wa nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini. Waliulizwa kama nguo zake, nywele zake na nyumba yao ni za kwao. Waliposema hapana, wachoraji walirudi mezani. Huku kwetu Boyie wa Shujaaz, jarida la michoro lililoanza Kenya mwaka 2010, ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, anayerusha redio yake kwa siri kutoka chumbani. Vijana walimpenda kwa sababu shida yake wanaijua.

Kwa hiyo kabla ya penseli kuna maswali. Mhusika wetu ana umri gani? Anaamka saa ngapi? Anataka nini, na nani anamzuia? Mama mwenye deni la karo hasimami kama mama aliyeuza vizuri, tazama mabega.

Sasa chora. Mtu mzima, ukimpima kwa kichwa chake mwenyewe, ana urefu wa vichwa saba hivi. Mtoto mdogo ni vinne au vitano. Ukikuza kichwa kidogo, uso utaonekana kutoka mbali, lakini usizidishe, atageuka mtoto. Mchore kwa mbele, kwa upande na kwa nyuma, kisha uso wake akifurahi, akikasirika, akiogopa. Karatasi hiyo iwekwe, ndiyo itakayofanya awe yule yule katika kila bango. Halafu mjaribu kwa kumpaka weusi mtupu: kama kwa kivuli tu bado anajulikana, amefaulu.

Pitisha kalamu nyeusi juu ya penseli, ufute penseli, kisha piga picha kwa simu karibu na mlango, mchana, kivuli chako kisianguke kwenye karatasi. Kwenye simu kuna ibisPaint, na kwenye kompyuta ya saiba unaweza kuomba Krita, ambayo ni ya bure. Jambo kubwa hapo ni tabaka. Mistari ikae kwenye tabaka moja na rangi kwenye lingine, kama karatasi za plastiki zilizopangwa. Hivyo akina mama wakikataa rangi ya leso, unabadilisha leso peke yake. Zamani tungechora upya yote. Kwa kuchapisha, anza na nukta 300 kwa inchi tangu mwanzo. Picha ndogo ikivutwa inakuwa na ukungu.

Mama yetu alirudi kikundini mara tatu, kwenye simu tu, bila shilingi ya uchapishaji. Mara ya kwanza walimvisha gambuti na kitambaa cha kichwa. Mara ya pili shosho mmoja akasema amekonda mno kwa mtu anayelima hivyo. Mara ya tatu walitaka ashike daftari la mauzo, na broka awe ndiye anayenyoosha mkono. Hilo hatungelifikiria sisi. Jina tulilompa nalo likaondolewa, maana mama mwenye jina hilo alikuwa ameketi pale pale, na ana deni na broka.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kije na karatasi moja ya mhusika wake, kwa mbele, upande na nyuma. Kabla ya kuileta, muonyesheni mtu anayefanana naye, mwandike alichosema.