Ramadhani 17: Usipokee usichokijua



Unauza mbuzi ili watoto wapate nguo za Iddi. Mnunuzi anakwambia, "Nakulipa kwa bitkoini, itapanda hiyo." Ngoja kwanza, usimkabidhi kamba.

Uliza historia yake. Novemba 2021 bitkoini moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba iliyofuata ikaanguka chini ya 17,000. Sarafu ya Luna iliporomoka Mei 2022 ndani ya siku chache, watu wakabaki mikono mitupu. Benki Kuu yetu nayo ilitangaza mwaka 2019 kwamba fedha halali nchini ni shilingi.

Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo mwisho wake haujulikani. Masheikh wametofautiana kuhusu sarafu hizi, lakini kuchunguza kabla ya kupokea hakuna anayekukataza.

Basi jiulize: Kesho nani atanibadilishia iwe shilingi? Ikishuka, hasara ya nani? Ikipotea, namdai nani? Ukikosa jibu, mwambie, "Nipe shilingi, ndugu yangu." Si aibu hiyo, ni amana ya watoto wako.

Allah atupe rizki ya halali na atutakabalie funga zetu. Amin.