Simu Mkononi, Ndovu Shambani: Somo la Picha Zenye Manufaa

Wakaazi wengi wa Taita Taveta hupiga picha kila siku. Ukungu juu ya Vuria, ndovu wakivuka barabara, kikapu kipya kabla hakijapelekwa sokoni. Nyingi ya picha hizo hukaa kwenye simu mpaka nafasi ijae, kisha zinafutwa. Hata hivyo, picha ikipigwa vizuri inaweza kumsaidia mkulima kudai fidia, au kuwasaidia watafiti kumtambua mnyama mmoja kati ya mamia. Somo hili ni la mwenye simu ya kawaida, si la mwenye kamera ya laki mbili.

Anza nyumbani, kwa sababu kikapu hakikimbii. Chukua kikapu cha katani, kiweke karibu na dirisha, kisha uzime taa. Kipige picha huku dirisha likiwa nyuma yako, halafu sogea mpaka mwanga ukipige kikapu kutoka ubavuni. Linganisha picha hizo mbili. Katika ya kwanza kikapu kinaonekana bapa; katika ya pili kila uzi una kivuli chake na unaweza kuhesabu mistari ya usukaji. Kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa laini. Simu hukaa mfukoni na kushikwa kwa vidole vyenye mafuta, na watu huilaumu kamera bure. Ukishajua kuonyesha usukaji wa kikapu, utajua pia kuonyesha unyayo kwenye mchanga. Kazi ni ile ile.

Nje, mwanga huo wa ubavuni haudumu. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua hupanda haraka, na ifikapo saa nne mwanga unaanza kuwa mkali. Saa sita vivuli vinaangukia chini ya macho ya watu na matumbo ya ng'ombe. Muda mzuri ni tangu macheo hadi kama saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Anayetaka kuupiga Mlima Kilimanjaro kutoka Taveta adamke mapema, kwani mara nyingi mawingu huufunika mchana. Weka kitu mbele ya picha, kama mbuyu au mtu aliyekubali kupigwa, ili ukubwa wa mlima uonekane. Kumbuka pia kwamba simu hudanganywa na rangi: ukungu mweupe huufanya wa kijivu, na yangeyange aliyesimama kwenye tope jeusi humfanya doa jeupe lisilo na manyoya. Gusa skrini pale unapotaka paonekane, kisha ongeza au punguza mwanga kwa kidole.

Kwa wanyama, jambo la kwanza ni umbali. Kuvuta picha kwa vidole kwenye simu nyingi hakumleti mnyama karibu. Simu inakata kipande cha picha na kukipanua tu. Hapo ndipo watu huingia majaribuni na kusogea. Usisogee. Ndovu akiacha kula na kukugeukia, akitanua masikio, akiinua kichwa au akitikisa mguu wa mbele, amekwisha kukuona na hakutaki. Dume anayetokwa na majimaji kati ya jicho na sikio huku mkojo ukimdondoka ni wa kuepukwa kabisa. Ndovu humshinda binadamu mbio. Picha yake akiwa mdogo katikati ya uwanda mwekundu, na milima nyuma, kwa maoni yetu ni nzuri kuliko ile ya uso uliojaa ukungu wa kidijitali.

Ukiwa salama ndani ya gari, piga masikio. Kingo zake huwa na mipasuko na matundu yasiyofanana kwa ndovu wawili, kama kitambulisho. Huko Amboseli, watafiti walioanza kazi na Cynthia Moss mwaka wa 1972 wamekuwa wakiwatambua ndovu mmoja mmoja kwa njia hiyo.

Kutangaza mahali ni jambo jingine. Satao, ndovu wa Tsavo aliyejulikana kwa pembe zake ndefu, aliuawa na majangili mwaka wa 2014. Picha ya kifaru au ya ndovu wa aina hiyo isiwekwe mtandaoni siku ile ile ikiwa na jina la mahali. Programu ya iNaturalist huficha mahali kamili pa viumbe walio hatarini. Makundi ya WhatsApp hayafanyi hivyo. Na katika misitu kama Ngangao na Mbololo, usiwachezee ndege sauti iliyorekodiwa ili wajitokeze, hasa wakati wa kutaga.

Sasa twende shambani, asubuhi baada ya ndovu kupita. Usitoke usiku kuwapiga picha: mwako wa simu huangaza mita chache tu na unaweza kuwashtua. Kukipambazuka na ikiwa wameondoka, usifyeke wala kung'oa kitu kwanza. Piga picha ya shamba zima ukiwa kwenye pembe zake, pakiwemo nyumba au mti unaojulikana. Sogea upige mimea iliyovunjwa, ua lililobomolewa, kinyesi na nyayo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 ina orodha ya wanyama wanaohusika na fidia, kwa hiyo ni lazima ijulikane ni mnyama gani aliyeharibu. Unyayo wa mbele wa ndovu ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo. Laza jembe kando yake ili kipimo kionekane, na upige wakati jua bado liko chini.

Picha hizi hazichukui nafasi ya ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wala ukaguzi wa maafisa. Ripoti mara moja. Usizipambe kwa rangi wala kuzikata. Zihifadhi zilivyo kwenye simu, kwa kuwa tarehe na saa vimo ndani yake. WhatsApp huondoa habari hizo ukituma kama picha ya kawaida. Ukilazimika kuituma, chagua kuituma kama hati.