Nani katuambia tuko nyuma?

Ndugu msomaji, hivi karibuni kijana mmoja alinijia baada ya darsa akaniambia: “Ustadhi, sisi tumeachwa nyuma miaka mia.” Nikamuuliza: nyuma ya nani, na katika njia ipi? Akanyamaza.

Anayesema “tuko nyuma” keshakubali, bila ya kujua, falsafa moja ya historia: kwamba wanadamu wote wamo katika barabara moja, na Ulaya ndiyo iliyotangulia. Falsafa hiyo ina wenyewe. Mjerumani Hegel, katika mihadhara aliyoanza kuitoa Berlin mwaka 1822, alifundisha kuwa historia ya dunia husafiri kutoka Mashariki kwenda Magharibi, na Ulaya ndio mwisho wa safari. Afrika akaitoa nje, akidai haina historia. Hakuwahi kufika huku. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri. Mwaka 1989, Mmarekani Francis Fukuyama aliivika fikra hiyo nguo mpya, akahoji kama demokrasia ya kiliberali ya Magharibi siyo kikomo chenyewe cha historia.

Sasa tumsikilize mwingine. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, dola haziendi mbele moja kwa moja. Huinuka na kuanguka. Wenye asabiya, yaani mshikamano, husimamisha dola kwa taabu; watoto wao hustarehe; wajukuu husahau, na dola huporomoka. Akaonya pia kuwa dhulma huangamiza ustaarabu, kwani mtu anayenyang’anywa jasho lake huvunjika moyo wa kufanya kazi.

Tukishika mizani hiyo, usasa nao unapimika. Elimu iliyopasua atomu ndiyo iliyoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Chombo kilikwenda mbele. Je, na mtu aliyekishika?

Lakini tusijidanganye, mizani hiyo hiyo inatupima na sisi. Wapo wanaoichukua hoja hii wakaifanya kisingizio cha kudharau sayansi, wakabaki kujisifu kwa magofu ya Kilwa na makasri ya Andalusia. Hao ndio wajukuu aliowaeleza Ibn Khaldun: wanakula sifa za babu zao, na wao hawajengi kitu.

Kwa hiyo sikumwambia kijana yule aache masomo. Nilimwambia arudi akasome hesabu zake kwa bidii, ila abadilishe swali. Asiulize tena tumeachwa miaka mingapi. Aulize: katika mtaa wetu, nani anadhulumiwa, na nani kasimama naye? Jamii isiyokuwa na jibu la swali hilo inaporomoka, hata ikiwa na maghorofa. Wallahu a’lam.