Mguu Uliolegea Ghafla

Mwezi huu tuzungumze juu ya polio. Akina mama wengi vijana wa Kariakoo, Gerezani na Ilala hawajapata kuiona, lakini bibi zao waliiona. Ndiyo iliyowaacha watoto wakitembea kwa kushika goti.

Virusi vya polio hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye navyo, vikaingia kwa mdomo wa mwingine: mikono isiyonawiwa, maji machafu, embe lililooshwa ovyo. Mvua kubwa zikija na vyoo vikafurika uchochoroni, hatari huongezeka. Vikishaingia huzaliana tumboni. Watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Lakini kwa mmoja hivi kati ya 200 walioambukizwa, virusi hufika kwenye uti wa mgongo na kuua chembe za fahamu zinazoendesha misuli. Mtoto mzima, mchezaji, hushikwa na homa na maumivu, kisha mguu hulegea. Ukimfinya analia, kwa maana ganzi hana. Kilichopotea ni nguvu. Dawa ya kuzifufua chembe zilizokufa haipo.

Hapo majirani husema amerogwa, au amechomwa sindano vibaya. Hilo la pili lina ukweli kidogo. Mtoto mwenye virusi hivi akidungwa sindano ya msuli wakati wa homa, kiungo kile huweza kupooza kwa urahisi zaidi. Basi msikimbilie sindano ya homa dukani kabla mtoto hajapimwa. (Sindano ya chanjo siyo ninayoisema hapa.)

Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, mpelekeni siku hiyohiyo kituo cha afya, au Mnazi Mmoja, Amana, Muhimbili. Wataomba choo chake mara mbili, kwa kupishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Mama huuliza: "Mguu ndio mgonjwa, choo cha nini?" Ni kwa sababu virusi hutafutwa humo. Ukizunguka kwa waganga wiki tatu, huenda visionekane tena, na watoto wa nyumba nzima wakabaki hatarini bila mtu kujua.

Wengine watasema polio ilikwisha. Ni kweli Tanzania ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa haina polio ya asili. Lakini Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa mmoja, mtoto wa Lilongwe, mwenye virusi vya jamii ya Pakistan. Mwaka 2023 ikaonekana Rukwa aina nyingine, ile inayozuka pale watoto wengi wanapokosa chanjo. Na wafanyabiashara wa Malawi, Zambia na Kongo wanajaza mizigo Kariakoo kila siku.

Matone hutolewa mtoto akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki hiyo ya 14 huongezwa sindano ya polio. Mama uliyekosa zamu kwa sababu ya biashara, usione haya. Nenda kliniki na kadi, hata kama imechanika, umweleze muuguzi zamu zipi zimepita.