SOMO: KUCHAGUA MTAMBO WA MAUZO KWA MKAHAWA WA CHAMA



Mkahawa ni biashara yenye mikono mingi na fedha ndogo ndogo. Kwa siku moja fedha zaweza kuingia mara mia na zaidi: hapa bakuli la urojo, pale chai na kachori, kule juu ya paa wageni sita waliokula pweza na biriani. Kila kiasi ni kidogo, lakini vyote kwa pamoja ndivyo vinavyolipa mishahara, karo ya leseni na ziada ya wanachama. Kwa hiyo namna ya kuandika mauzo si jambo la ufundi peke yake. Ni jambo la uaminifu baina ya wenye hisa na wale waliowakabidhi kazi.

Shabaha ya somo hili ni kuisaidia kamati ijue la kuuliza kabla ya kutia saini. Lisomeni kwa pamoja, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

1. MASHINE HII ILITOKA WAPI, NA KAZI YAKE NINI

Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, Ohio, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kuandika mauzo. Wateja wake walikuwa wengi lakini faida haikuonekana, kwa sababu baadhi ya wahudumu walitia fedha mifukoni mwao. Akiwa safarini kwa meli kwenda Ulaya aliona chombo kilichohesabu mizunguko ya rafadha. Akawaza: ikiwa mizunguko ya rafadha yahesabika, mauzo nayo yashindwe kwa nini? Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, Gene Mosher wa Syracuse, New York, alionyesha programu ya kompyuta kwa ajili ya mikahawa, ambayo mhudumu aliitumia kwa kugusa kioo kwa kidole. Vishikwambi vinavyouzwa leo kwa kazi hii vimefuata njia hiyo hiyo.

Mtambo wa mauzo una kazi nne:

(a) kupokea oda ya mteja na kuifikisha jikoni;
(b) kutoza fedha na kutoa risiti;
(c) kuhesabu vitu vilivyouzwa, ili vilinganishwe na vilivyotoka ghalani;
(d) kuipa kamati taarifa ya siku, ya juma na ya mwezi.

Kwa chama cha ushirika ipo kazi ya tano. Wale waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, waligawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Ikiwa masharti ya chama chenu yanafuata desturi hiyo, basi mtambo hauna budi kuweza kuandika namba ya mwanachama katika kila bili yake. Usipoweza, mgawo wa ziada utabaki kuwa wa kukisia.

2. ANZENI NA KARATASI

Mtambo hauoni kitu ambacho hakikuingizwa ndani yake. Sahani ikitoka jikoni kwa neno la mdomo, hakuna kompyuta itakayoijua. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua chochote, kamati ihakikishe kwamba kanuni hizi tatu zinafuatwa kwa kitabu cha oda chenye nakala tatu:

Kwanza, bila ya oda hakuna sahani. Mpishi asitoe chakula mpaka apokee nakala yake. Nakala ya pili iende kwa keshia, na ya tatu ibaki kitabuni.

Pili, fedha zihesabiwe kila zamu inapokwisha, mbele ya watu wawili, na wote watie saini.

Tatu, anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika leja.

Tuchukue mfano. Asubuhi jikoni pametolewa vipande 40 vya samaki. Usiku oda zinaonyesha vipande 33 vimeuzwa, na vinne vimebaki. Jumla ni 37. Vipande vitatu havina maelezo. Labda viliungua, labda waliliwa na wafanyakazi kwa ruhusa, labda viliuzwa bila ya kuandikwa. Hesabu haimtuhumu mtu. Inaonyesha tu mahali pa kuuliza, na inamlinda mfanyakazi mwaminifu asisingiziwe.

Mkahawa wenye meza nne na mhudumu mmoja waweza kuendelea vyema kwa karatasi. Mtambo unafaa pale ambapo oda zimekuwa nyingi mno kwa mtu kuzijumlisha usiku bila ya kukosea, au pale ambapo jiko na meza viko mbalimbali.

3. MAMBO YA UNGUJA

Mtambo unaofaa Nairobi au Dubai huenda usifae Shangani. Chunguzeni mambo haya:

Umeme. Mei 2008 waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani kwa karibu mwezi mmoja. Ikarudia tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa nafuu, lakini umeme bado waweza kukatika. Ulizeni betri ya mtambo na ya printa hudumu saa ngapi. Kishikwambi kilichojaa chaji hakina maana ikiwa printa ya jikoni imezimika.

Intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Mtambo unaohifadhi kila kitu ng'ambo na kukataa kufanya kazi mtandao unapokatika utawaacha wageni mezani bila ya bili. Chagueni ule unaoandika papo hapo ndani ya kifaa, kisha ukapeleka kumbukumbu mtandao unaporudi.

Majengo. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Mawimbi ya mtandao usio na waya hupita kwa taabu. Mkahawa wa paani wenye jiko ghorofa ya chini ndio unaofaidi zaidi mtambo, kwani humpunguzia mhudumu ngazi. Lakini ndio pia ambapo oda hupotea njiani. Msikubali maonyesho ya ofisini kwa muuzaji. Mwambieni aje na vifaa vyake, asimame paani, na oda itoke jikoni mbele ya macho yenu. Ikilazimu kutoboa kuta kwa ajili ya nyaya, kumbukeni kwamba Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Pateni kwanza ushauri wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hula vyuma, na moshi na mafuta ya jikoni huziba printa. Ulizeni bei ya kichwa cha printa na ya karatasi zake, na kama vinapatikana hapa Unguja.

4. RISITI NA KODI

Zanzibar ina sheria yake ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, ya mwaka 1998, na chombo chake cha mapato. Bodi ya Mapato Zanzibar ikawa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, yaani ZRA, mwaka 2022. Risiti za kielektroniki za ZRA hutolewa kwa mfumo uitwao VFMS. Mashine za EFD zilizoanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2010 ziko chini ya TRA. Basi muuzaji anapowaambieni kwamba mtambo wake "umekubaliwa na serikali," muulizeni: umekubaliwa na mamlaka ipi, na unaungana na VFMS au la? Usipoungana, keshia atalazimika kuandika kila mauzo mara mbili, na palipo na kuandika mara mbili hapakosi hitilafu. Katibu afike mwenyewe ofisi ya ZRA kuthibitisha. Neno la muuzaji halitoshi.

5. GHARAMA: PIGENI HESABU YA MIAKA, SI YA SIKU

Bei ya kwanza hudanganya. Tuseme chama kimeletewa mapendekezo matatu (tarakimu hizi ni za mfano tu):

A: vifaa Sh. 800,000, na ada ya kila mwezi Sh. 60,000.
B: kununua moja kwa moja Sh. 2,400,000, na matengenezo Sh. 200,000 kwa mwaka.
C: vifaa Sh. 800,000 kama A, lakini badala ya ada muuzaji huchukua asilimia moja ya mauzo.

Kwa miaka mitatu, A itagharimu Sh. 2,960,000 na B Sh. 3,000,000. Ziko karibu sawa. Kwa miaka mitano A itafika Sh. 4,400,000 na B Sh. 3,400,000, mradi mashine za B zidumu muda huo.

Je, C? Mkahawa unaouza Sh. 10,400,000 kwa mwezi utalipa Sh. 104,000. Masika, wageni wanapopungua na mauzo kushuka hadi Sh. 3,900,000, utalipa Sh. 39,000. Ada za A na C hulingana mauzo yakiwa Sh. 6,000,000 kwa mwezi. Chama chenye miezi saba mizuri na mitano mibaya kitalipa C Sh. 923,000 kwa mwaka, dhidi ya Sh. 720,000 za A. Hata hivyo, mkahawa mchanga usio na akiba waweza kuichagua C kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu haiubani wakati wa shida. Kila kamati ipige hesabu kwa daftari lake la mauzo ya miezi kumi na miwili, pamoja na mwezi wa Ramadhani, ambapo biashara huhamia usiku.

6. FUNGUO NA KUMBUKUMBU

Kila mfanyakazi awe na namba yake ya siri. Kufuta bili au kupunguza bei kuhitaji namba ya msimamizi, na kila kilichofutwa kibaki kikionekana katika taarifa. Mtambo unaoruhusu bili kufutwa bila ya kuacha alama ni hatari kuliko kitabu cha karatasi, kwa sababu karatasi iliyochanwa huacha kishina.

Mkataba utamke wazi kwamba kumbukumbu za mauzo ni mali ya chama, na kwamba mkiachana na muuzaji atawakabidhi zote katika namna ambayo mkaguzi wa hesabu aweza kuisoma. Utaje pia fundi aliyepo Unguja na muda wake wa kuitikia wito. Mtambo ukiharibika usiku wa kuamkia Idi, fundi aliye ng'ambo hatawafaa.

7. KUPITISHA UAMUZI

Pateni mapendekezo yasiyopungua matatu kwa maandishi. Mjumbe mwenye jamaa yake miongoni mwa wauzaji aseme mapema na asipige kura. Ombeni majaribio ya mwezi mmoja, na katika mwezi huo msiache kitabu cha oda. Kila usiku linganisheni kitabu na mtambo. Waiteni wapishi na wahudumu watoe maoni, maana wao ndio watakaoutumia. Kisha kamati ipeleke hesabu kamili mbele ya wanachama, kwani fedha ni zao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mkahawa au duka la chama chenu, ni vitu gani hutoka bila ya kuandikwa? Nani aliviruhusu?
2. Asubuhi zilitolewa chapati 120. Oda zinaonyesha 97, zimebaki 15. Ngapi hazina maelezo, na mtaanza kuuliza wapi?
3. Kwa mauzo ya chama chenu ya mwaka uliopita, lipi kati ya A, B na C lingekuwa nafuu?
4. Umeme ukikatika saa mbili usiku, wageni wakiwa mezani, nani atafanya nini? Andikeni utaratibu huo na mubandike ukutani.