Mkanda wa Taimingi: Tuhesabu Kilomita au Miaka?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu akinunua motokaa iliyokwisha tumika, jambo la kwanza analowaambia jamaa zake ni kilomita. "Imekwenda elfu sitini tu," husema, na wote hufurahi kana kwamba gari limetoka kiwandani jana. Hesabu hiyo ni njema kwa mambo mengi, lakini haitoshi kwa kitu kimoja kilichofichwa mbele ya injini, nacho ni mkanda wa taimingi.

Kwanza yatupasa kujua kazi yake. Tunaosoma Fizikia twajua kwamba injini ya mapigo manne humaliza kazi yake kwa mizunguko miwili ya krankshafti: kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa moshi. Katika mizunguko hiyo miwili kila valvu hufunguka mara moja tu. Kwa hiyo kamshafti, ambayo ndiyo inayosukuma valvu, lazima izunguke mara moja wakati krankshafti inazunguka mara mbili, wala isikosee hata jino moja. Mkanda wa taimingi ndio unaoziunganisha. Una meno kwa ndani, na gurudumu la kamshafti lina meno maradufu ya lile la krankshafti. Msomaji asiuchanganye na fenibelti, ile inayoonekana kwa nje na kupiga kelele ikilegea. Huu umefunikwa kwa kifuniko cha plastiki, na aghalabu hukatika bila kutoa taarifa.

Zamani kazi hii ilifanywa na cheni au gia za chuma. Mwaka 1962 kampuni ya Glas ya Ujerumani ilianza kuuza gari dogo, Glas 1004, lenye mkanda wa mpira badala ya cheni, na wengine wakafuata, kwa kuwa mkanda ni mwepesi, hauna kelele na hauhitaji oili. Lakini mpira ni mpira, hata ukitiwa nyuzi za kioo ndani yake ili uwe na nguvu. Joto la injini huukausha mwaka hata mwaka, hewa huupasua, na oili inayovuja huuharibu. Gari likilala muda mrefu, mkanda nao hubaki umepindwa mahali pale pale. Hayo yote hayangoji gari liende safari.

Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutaja vipimo viwili: kilomita, mara nyingi 100,000 au karibu yake, na miaka, ambayo aghalabu ni kati ya 5 na 10 kwa kadiri ya injini. Kisha huongeza kwamba mkanda ubadilishwe kwa lolote litakalotangulia. Watu husoma kipimo cha kwanza na kuruka cha pili.

Tena kilomita zenyewe hazisemi yote. Nimefanya hesabu hii, na yeyote aweza kuihakikisha. Gari lililosimama kwenye foleni, injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, humaliza mizunguko 48,000 kwa saa moja. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, humaliza mizunguko 150,000 kwa saa, yaani 1,875 kwa kila kilomita. Ukigawanya 48,000 kwa 1,875 utapata 25.6. Basi kila saa ya foleni mkanda umefanya kazi ya kilomita kama 26, na mita haikusogea hata kidogo. Gari la mjini lenye kilomita chache huenda lilikuwa na kazi nyingi kuliko tunavyodhani. Nami sijagusa habari ya watu wanaorudisha mita nyuma kwa makusudi!

Mwaka jana baba yangu mdogo alinunua Toyota Noah ya mwaka 1999, yenye injini ya 3S-FE, ili abebe abiria kati ya Mombo na Lushoto. Mita ilisoma kilomita 63,000. Fedha zilikuwa za mkopo, na kilichobaki kilikuwa cha kupaka rangi.

"Fundi," alisema, "aliyeniuzia kaniambia nisiuguse mkanda mpaka laki moja."

"Mzee," fundi akajibu, "hata tairi ambalo halijakanyaga barabara likikaa miaka ishirini na tano hupasuka. Kwani huu si mpira?"

Baba mdogo alikuwa na hoja nzuri, nami nairudia kwa sababu wengi wanayo. Injini ya 3S-FE ni ya aina ambayo mkanda ukikatika, valvu na pistoni hazigongani. Injini huzimika tu, na mkanda mpya ukifungwa hufufuka. Mbona basi kuhangaika? Fundi alimwonyesha barabara ile ya milimani. Injini ikizimika mteremkoni, usukani huwa mzito mara moja, na breki zikikanyagwa mara chache tu hupoteza ule msaada wa injini na kuhitaji mguu wenye nguvu sana. Kuna kona, kuna bonde upande mmoja, na nyuma wameketi watu wanane. Rangi ikaahirishwa.

Mkanda wa zamani ulipotolewa meno yake yote yalikuwamo, lakini ulipokunjwa kinyume mgongo wake ulionyesha nyufa ndogo ndogo. Hata hivyo kutazama peke yake hakutoshi, maana mikanda ya siku hizi yaweza kuchoka bila kuonyesha ufa wowote.

Kabla ya kufungua, tafuta karatasi ndogo ya kubandika karibu na injini. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda huandika humo tarehe na kilomita, na mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Mwaka wa Heisei huongezewa 1988, wa Reiwa 2018. Basi Heisei 20 ni 2008. Kwenye Noah ile hatukuikuta, na kwa gari lisilo na ushahidi mkanda huhesabiwa una umri sawa na gari lenyewe.

Wenye injini za dizeli wasijaribu bahati yao, maana humo nafasi kati ya valvu na pistoni ni finyu, na mkanda ukikatika valvu hupinda. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, lakini taa hiyo huhesabu kilomita tu, haijui kalenda.

Mkanda ukibadilishwa, yafaa gurudumu la kuukaza na beringi zake zibadilishwe pamoja nao, na pampu ya maji pia ikiwa inazungushwa na mkanda huo huo, kama katika 3S-FE. Kazi kubwa ni kufungua na kufunga. Kuirudia kwa ajili ya beringi moja ni hasara.

Injini kama 1NZ-FE, iliyomo katika Vitz na IST nyingi, hutumia cheni. Hizo hazina tarehe ya mkanda, ila cheni hutegemea oili safi, na oili nayo ina miezi yake hata kama gari limeegeshwa.