Maji ya Mto Hupimwaje?

Asubuhi mama mmoja wa Lubutu anafika mtoni na ndoo yake. Anatazama maji. Yakiwa maangavu, anateka. Yakiwa na matope, anangoja yatulie. Je, macho yake yanatosha? Hayatoshi. Maji maangavu kama kioo yanaweza kuwa na vijidudu vya kolera.

Kwa sababu hiyo serikali nyingi hutuma watu kupima mito. Mpimaji huchota maji kwa chupa safi, huandika mahali, siku na saa. Mambo ya kwanza anayopima ni matano. Anapima hewa iliyomo majini, ambayo samaki wanaivuta. Anapima uchachu. Anapima chumvi, kwa kuona jinsi maji yanavyopitisha umeme. Tena anapima nitrojeni na fosforasi, vitu vilivyomo katika mbolea. Vikizidi, majani huota mno mtoni, na yakioza hewa huisha, samaki wakafa.

Uchachu unataka akili. Katika msitu wa Kongo kuna vijito vyenye maji meusi kama chai, machachu kidogo, kwa ajili ya majani ya miti yanayooza ndani. Hakuna mtu aliyeviharibu, ndivyo vilivyo. Basi kila nchi hujiwekea kipimo chake, isichukue tu kile cha Ulaya.

Tangu mwaka wa 2017 Umoja wa Mataifa huziomba nchi zote hesabu ya mito yao. Mto huitwa mzuri kama vipimo 80 katika 100 vinafaa. Vipimo vikiwa 20, lazima 16 vifae. Vikifaa 15, mto umeshindwa, sawasawa na mtoto katika mtihani.

Lakini angalia: katika mambo yale matano vijidudu havimo. Wala zebaki haimo, ile ambayo wachimbaji wengine huitumia kukamata dhahabu. Mto unaweza kufaulu, na mtoto anayeunywa akapata homa ya matumbo.

Vijidudu vitokavyo chooni vina kipimo chao. Maji huchujwa, na kile kilichobaki katika chujio huwekwa penye joto siku nzima, vijidudu viongezeke na kuhesabiwa. Chupa ikae katika baridi, na kazi ianze kabla ya saa 24 kupita. Kutoka Lubutu hata Kisangani ni zaidi ya kilomita 200 za njia ya msitu. Katika chupa yenye joto vijidudu hufa au huzaana, na hesabu yake ni uongo.

Kongo ina sheria ya maji, ya tarehe 31 Desemba 2015. Lakini sheria haibebi chupa.

Mama amerudi nyumbani. Anaweka sufuria motoni, anangoja maji yatokote.

MAULIZO
1. Kwa nini maji meusi ya msituni si lazima yawe mabaya?
2. Vipimo 25 vimefanywa, 19 vinafaa. Je, mto umefaulu?
3. Moto wa mama unaua vijidudu. Je, unaondoa zebaki?